Shamba Nililoligawa Kabla Sijafa

Jumatatu, 4 Machi 1996
Mvua. Wanawake wote wako mteremkoni wanachimba ngoro, mashimo yetu ya miraba, udongo wake ufukie maharage. Mimi niko barazani nachambua mboga kama mgonjwa. Si mgonjwa! Daktari wa Dar alisema mwenyewe: mama, saratani hatuioni tena, urudi mwezi wa sita tukupime. Titi la kulia wamelikata, roho wameiacha. Sasa roho hii niipeleke wapi?

Jumanne, 5 Machi
Kosa langu. Mwaka jana kabla ya safari ya Dar niliita ukoo mzima, tukala, nikagawa. Kanga kwa mjukuu wangu Ottilia. Jembe na shamba kwa Edina, mke wa mwanangu Bernadi. Nikalia, wakalia. Niliaga vizuri mno! Kugawa nilijua. Kurudi sikujua. Mtu mzima nile matapishi yangu?

Alhamisi, 7 Machi
Edina ananipenda mpaka naudhika. Mgongo ananisugua, kovu analitazama bila kukunja uso. Kaniletea sidiria ya mitumba kutoka Mbinga, upande mmoja kashindilia pamba. Bernadi kageukia ukuta, aibu. Nimecheka mpaka kovu likavuta.
Lakini jembe kalificha darini. Daktari alinikataza kulima, eti mkono wa upande uliokatwa utavimba. Nimeliona lilipo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeiba jembe langu mwenyewe. Mashimo mawili tu — mkono umevimba kama mhogo. Wifi yangu Vitalia akapita njiani: eh, wifi, marehemu analima? Nikamwambia marehemu ana njaa. Akaenda mbio kusema.
Bernadi kafoka kwa sauti ya baba yake. Tulikupeleka Dar ili uje ufie shambani? Ana haki. Lakini wananitunza kama yai, na yai likikaa sana linaoza!

Jumamosi, 9 Machi
Mchana tumekula ukoo mzima, ugali na dagaa wa ziwani. Edina akaomba kusema. Mke wa kuja, mbele ya wazee! Akasema shamba alipewa na mtu anayekwenda kufa. Huyo mtu mmemwona? Mimi namwona mama tu, anamaliza dagaa. Wakacheka, hata Bernadi.
Kisha akanigeukia, macho chini: mama, shamba lako chukua. Jembe sikupi.
Nikasusa. Shamba bila jembe la nini? Nikaangalie nyasi?

Jumatatu, 11 Machi
Wamekuja wanawake kumi na mmoja na majembe. Bernadi kafyeka, kapanga nyasi miraba-miraba mteremko mzima. Nikauliza, mbona hamchimbi? Edina akasema: mbegu kwanza juu ya nyasi, mama, ndipo tuchimbe tuzifukie. Na mbegu anamwaga mwenye shamba.
Kana kwamba sijui! Nimezichimba ngoro kabla hajazaliwa.
Nikasema nafuata kikapu cha mbegu. Sasa nimekaa kitandani, kikapu mapajani. Maharage haya ni ya kuvuna mwezi wa sita. Mwezi wa sita ndio wa kupimwa. Nimwage, halafu nani avune?
Vitalia anapiga kelele huko chini: wifi, umekufa humo ndani? Wanacheka. Hawachimbi. Kumi na mmoja wamesimama, wananingoja mimi.
Ottilia yuko mlangoni. Bibi, wanasema jua linapanda. Nimemwambia kawaambie nipo, nakuja, kikapu hiki nilichoshika ni kidogo, natafuta kile kikubwa —