Kadi ya Bima ya Mama

Jumanne, Kendu Bay

Bado nina hasira, na zaidi ninajikasirikia mwenyewe. Leo kwenye duka la dawa wamekataa kadi mpya ya bima ya Mama. Dawa yake ya presha, ile anayomeza kila asubuhi, haimo kwenye orodha yao.

Na orodha tulipewa, siku ile ajenti alipokuja nyumbani. Mimi na kaka yangu Ouma tuliuliza habari ya jeneza, tukauliza gari la kutoa mwili mochari, tukaridhika, tukatia sahihi. Dawa hakuna aliyeuliza. Watu wazima wawili, tumesoma...

Nikamweleza Mama. Akaifunga kadi kwenye leso yake, taratibu.

"Kwa hivyo, nyathina, mwanangu, hii kadi inangoja nife ndio ifanye kazi."