Mfupa Usiopitisha Sauti

Jumatatu, 2 Juni
Zamu ya asubuhi. Ukungu hadi dirishani, wodi ya watoto imejaa. Ameletwa mtoto kutoka Arash, anaharisha, macho yameingia ndani. Nilishika sindano ya dripu, mkono ukaanza kutetemeka. Nikakosa mshipa. Nikajaribu tena, nikakosa. Mama yake hakunifokea. Alisema tu, "Sista, mwite mwingine." Flora, muuguzi mwenzangu, aliupata mara moja. Nilijifungia chooni nikalia.

Jumatano, 11 Juni
Matroni ameniita. Alisema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza. Kuanzia kesho sichomi sindano, sizalishi. Nitakaa mapokezi, kupima uzito na presha. Dawa za mtetemo nimeshabadilishiwa zote. Zinanilaza tu, mkono hauna habari nazo. Nimemwambia mume wangu. Bura si mtu wa maneno. Amepika ugali yeye.

Ijumaa, 20 Juni
Daktari Slaa, kijana wetu wa hapa Karatu, amenisimamisha koridoni. Kuna tiba ya mawimbi ya sauti, jamii moja na yale tunayomtazamia mtoto tumboni. Nje ya nchi wanayaelekeza kutoka pande zote za kichwa, yanakutana mahali padogo ndani kabisa ya ubongo, pale panapotetemesha mkono. Wanapasisimua mpaka patulie. Hawapasui, hawatoboi. Mwalimu wake wa zamani yumo kwenye utafiti huo, na wagonjwa wanagharamiwa. Nimemwambia asijisumbue. Mchana kutwa sikuwaza kingine.

Jumanne, 1 Julai
Slaa hakunisikiliza, aliwaandikia watafiti, nao wamekubali kuniangalia. Kwanza wanataka picha ya CT ya kichwa. Bura amecheka kwa sauti. Nilikuwa nimesahau anachekaje. Mama mkwe amekuja na maziwa kutoka Mbulu, hataki hata kusikia. Sauti ikishaingia kichwani, ameuliza, inatokea wapi? Nimeanza kutumaini. Naogopa tumaini hili kuliko ugonjwa wenyewe.

Alhamisi, 10 Julai
Arusha. Picha imepigwa. Haikuuma. Wakati wa kurudi, tulipokuwa tunapanda mlima juu ya Mto wa Mbu, nilimweleza Bura nitakachofanya kwanza mkono ukitulia. Nitaomba kurudishwa leba. Alinishika mkono huo huo njia nzima. Ulitetemeka ndani ya wake.

Jumatatu, 21 Julai
Hakuna jibu. Nampita Slaa bila kumtazama, asidhani namsukuma. Jana kanisani nilimwaga divai ya ushirika. Mzee wa kanisa aliifuta.

Jumanne, 29 Julai
Slaa alifunga mlango kabla ya kuongea. Nikajua. Mfupa wa fuvu langu haufai. Ndani una vitundu vingi kama sponji. Mawimbi yakiupiga yanatawanyika, yanaishia kuwa joto humo humo mfupani. Hayafiki.
"Si kosa lako, sista Paulina," alisema. "Ndivyo ulivyoumbwa."
Niliuliza kama kuna njia nyingine. Ipo, ya kutoboa kichwa na kupitisha waya. Hawaifanyi karibu nasi, na utafiti ule hauihusu. Sikumlazimisha aendelee.
Nina hasira naye. Hana kosa, lakini nina hasira. Kheri angenipita tu pale koridoni.

Jumapili, 3 Agosti
Sikwenda kanisani. Bura alitaka tuombe pamoja. Nikamwambia aombe yeye. Mkono wa kushoto nao umeanza. Bado sijamwambia.

Jumatano, 20 Agosti
Kliniki ya wajawazito. Baridi. Mama mmoja wa Ololosokwan alishikwa na uchungu akiwa bado juu ya mizani. Nilimwita Flora, akampeleka leba, mlango ukafungwa. Nilibaki kwenye kiti changu. Baadaye mtoto akalia. Wa kike, wamesema. Nikafuta mizani, nikamwita anayefuata.