Jina la Meja Kwenye Jiwe

Jumatatu, 3 Machi

Kinyozi amepita kazini leo. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya wafiwa, alimzika mdogo wake, yule fundi simu. Nilikuwa kwenye pasi kubwa, mashuka ya hoteli yamenifika kidevuni. Akasimama mlangoni ndani ya mvuke, anazungusha kofia mikononi. Nikajua tu.

Jiwe la kumbukumbu liko tayari. Litazinduliwa Jumapili ya tarehe kumi na sita, mwaka ukitimia, pale pale mbele ya jengo la maduka. Majina yameshachongwa. Ya wote waliofia ndani ya stoo.

Na la Meja?

Shemeji, bado tunazungumza, akasema.

Mwaka mzima wanazungumza! Mume wangu alikufa siku ile ile, kwa mikono ya watu wale wale wenye bunduki. Ila yeye alifia kwenye ngazi, si ndani ya stoo. Na ufunguo wa stoo ulikutwa mfukoni mwake. Hilo ndilo lililowakaa kooni.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu karudi shule kanyamaza. Chakula hataki. Nikambembeleza mpaka akasema: mwenzake darasani kamwambia baba yake ndiye aliyewafungia watu. Ana miaka saba!

Nikamwambia, baba aliwaficha.

"Lakini alifunga?"

Ndiyo. Alifunga.

Acha niandike ninachokijua, labda kitaacha kunizunguka kichwani. Wale wenye bunduki waliingia kwa mlango wa mbele, mchana, jengo limejaa. Meja hajawahi kuwa mwanajeshi, alikuwa mlinzi tu — jina alilipata kwa kupigia kila mtu saluti, hata watoto wa chekechea. Aliwasukumia waliokuwa karibu kwenye stoo ya nyuma. Akatia kufuli kwa nje. Kisha akaenda mbele akipiga makelele ili wamfuate yeye. Wakamfuata. Wakammaliza. Halafu wakatupa bomu kwenye duka la vitambaa, moto ukashika. Stoo haina dirisha. Moshi ukapita chini ya mlango, na mwenye ufunguo amelala kwenye ngazi.

Hapo ndipo watu hunitazama, wanangoja niseme kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao cha wafiwa, kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Tulianza kwa kuwakumbuka. Dada wa muuza chai alisema ndugu yake alikuwa hajui kupima sukari, wateja walikuwa wanamtania kwamba anauza sharubati ya moto. Tukacheka kidogo. Yule baba aliyepoteza mke na mtoto mchanga alikaa nyuma kama kawaida. Zamu yake ilipofika akatikisa kichwa tu. Tukamruka.

Kisha Mwalimu akasimama. Mama mstaafu yule, nusu ya mji huu kaifundisha kusoma. Mwanawe wa pekee ndiye aliyekuwa anauza kwenye duka la dawa — msichana mmoja mcheshi, alimwandikia mama mkwe wangu saa za kumeza vidonge kwa herufi kubwa kama za bango, bila kuombwa.

Mwalimu hakupaza sauti. Alisema mwanawe alikuwa na miguu mizima, angekimbia. Waliokimbia leo wako hai. Aliyemfungia hawezi kukaa naye kwenye jiwe moja. Likiingia jina lake, la mwanangu litoke.

Hata kinyozi hakuinua macho.

Ningeweza kumchukia ningepumzika. Lakini nilimwona anavyokaa: alipapasa benchi kwanza kwa mkono, kama hana hakika lipo.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kasema nisiende tena kwenye vikao. Mwanawe alikuwa mtu, jiwe halimwongezei kitu wala halimpunguzii. Kisha akaingia bafuni akafungulia bomba mpaka mwisho. Anadhani bomba linaficha kilio.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Muuza viatu, yule mwenye duka lililotazamana na stoo, karudi mjini. Tangu siku ile alikuwa kwa kaka yake, mbali, simu hapokei. Kaja hadi kwenye chumba cha kufulia. Mwenzangu wa pasi, tunamwita Redio, kaninong'oneza: huyu kaja kuchumbia, mwone viatu vinavyong'aa! Nikacheka. Nikaona mikono ya yule mtu, makovu ya moto hadi viwikoni. Kicheko kikakatika.

Siku ile alikuwa amejificha nyuma ya rafu zake, kajifunika maboksi. Mlango wa stoo uko mbele yake. Polisi walimuuliza sura za wauaji tu, kwa hiyo hilo ndilo alilojibu.

Anasema Meja hakutaka kutia kufuli. Alirudisha mlango, akawaambia wakae kimya, akageuka aende. Sauti ikamwita kutoka ndani. Ya yule msichana wa duka la dawa.

"Meja, tia kufuli! Wakiliona watajua hamna mtu."

"Nikifunga mtatokaje?"

"Utakuja kutufungulia. Funga, Meja. Wanakuja!"

Akafunga. Akasema, nitakuja.

Na ilisaidia! Muuza viatu aliwaona kwa macho yake. Walifika, mmoja akalishika lile kufuli, akaliachia, wakapita. Msichana alipiga hesabu sawasawa. Moto tu ndio hakuna aliyeuhesabu.

Nikamuuliza, na wewe je? Hukuweza kuwafungulia?

"Nilipiga kwa chuma cha rafu, shemeji. Nilipiga mpaka chuma kikawa moto mkononi. Halikushtuka."

Wakati huo walikuwa bado wanagonga kwa ndani.

Kasema nimwambie kinyozi, yeye atasimama mbele ya watu aseme. Nikamwomba angoje. Akashangaa, akauliza: ningoje nini tena?

Ijumaa, 14 Machi

Nimeunguza foronya mbili. Redio kanifichia.

Neno la kumsafisha Meja ninalo. Ila ni neno la mtoto wa Mwalimu. Nikilitoa, mama yule atajua kwamba mwanawe ndiye aliyeomba kufuli.

Redio anasema sema, waje wakuombe radhi mmoja mmoja, kwa foleni! Kwake jambo jepesi.

Nimemweleza mama mkwe. Alikunja na kukunjua khanga yake. Akasema, yule mama ataamka na neno hilo kila siku mpaka afe. Wewe la kwako umeshalizoea.

Nikadhani kamaliza.

"Lakini mjukuu wangu naye Jumatatu anakwenda shule."

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi fundi wa mawe kanipigia. Chini ya jina la mwisho kaacha nafasi, kwa makusudi yake mwenyewe, kamati hawajui. Jina fupi halimchukui muda. Ila aambiwe leo, kesho saa tatu wanazindua. Nikamwambia nitakujibu.

Mchana hodi. Nikafungua — Mwalimu! Peke yake, miguu ina vumbi, kaja kwa mguu. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu.

Binti yangu alikuwa mezani na kazi za shule. Mwalimu akamwinamia, akamrekebisha vidole kwenye penseli, akakaa kando yake. Hakuwa na haraka. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kusimama wala kukaa.

Kasikia muuza viatu yuko mjini. Kaenda kwake. Yule bwana kalia tu, kasema muulize shemeji. Basi kaja kuniuliza.

"Wanasema alisikika. Alisema nini? Aliogopa? Aliniita?"

Nikasema ngoja nichemshe chai.

Sasa niko jikoni, daftari juu ya mtungi wa gesi, naandika huku maji yanachemka. Sitamdanganya. Hilo najua. Nikimwambia hakuogopa, ni kweli. Nikimwambia alikuwa na akili kuliko wote mle ndani, ni kweli pia. Lakini baada ya hapo ataniuliza alisema nini hasa, maana ni mwalimu, nusu jibu hapokei.

Maji yamechemka zamani. Fundi anapiga tena.

Mwalimu kaita kutoka sebuleni. Acha chai, mwanangu, anasema. Njoo ukae hapa karibu yangu.