Sikio la Kushoto, Nikiwa Macho

Jumatatu, 3 Machi
Darasa la nne, kipindi cha pili. Mercy aliinua mkono akasema kitu. Nikamjibu, "Vizuri sana, keti." Darasa zima likacheka. Alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtoto akajikojolea pale pale. Nilimtoa nje mwenyewe, nimemfunga sweta yangu kiunoni. Nina aibu kubwa.

Nyumbani mama mkwe wangu hakuniongelesha. Wiki ya tatu sasa. Yeye huongea chini chini, mimi simjibu, basi ameamua nina kiburi. Masikio yamekuwa yakififia tangu nijifungue. Kibet, mume wangu, ndiye pekee anayejua.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki ya masikio, mjini. Daktari ni mwanamke, mdogo kwangu. Alinichorea sikio nyuma ya kadi. Ndani kuna kifupa kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho hutikisika sauti ikifika. Changu kimeganda. Atakiondoa na kuweka kipini chembamba badala yake. Kushoto kwanza, ndiko kubaya zaidi.

Kisha akasema sitapewa dawa ya kulala. Nitadungwa ganzi tu.

"Nataka uwe macho, Mwalimu. Ukisikia kizunguzungu utaniambia nisimame. Nikimaliza, nitajua hapo hapo kama unasikia."

Alisema pia kuna wachache ambao sikio hufa kabisa. Nilitia sahihi. 

Jumapili, 9 Machi
Siendi. Afadhali sikio bovu kuliko kukatwa nikijua. Nilimwambia Kibet tukitoka kanisani. Hakubishana. Aliniinamia sikio la kulia akasema, "Na Mercy je?"

Nimemkasirikia mchana kutwa. Nitaenda.

Jumatano, 12 Machi
Jana nilifanyiwa upasuaji, sikuweza kuandika.

Sindano ya kwanza nyuma ya sikio iliuma hadi machozi. Ya pili kidogo. Ya tatu sikuisikia. Moyo ukaanza kwenda mbio. Daktari alikuwa amenionya: ndani ya ganzi kuna dawa ya kuzuia damu isitoke sana, nayo husukuma moyo. Ukatulia. Nililala ubavu, sikio la kulia limezama kwenye mto, kitambaa usoni. Nesi alinishika mkono muda wote.

Maumivu hakuna. Kuvutwa tu, na mkwaruzo, kama mtu anafagia ndani ya kichwa. Mara kitanda kikazunguka. Nilipiga kelele, "Simama!" Akasimama. Tukangoja. Kikapita.

Kisha nikasikia chuma kikiwekwa kwenye trei. Karibu sana. Nilishtuka. Halafu sauti, ya chini kabisa: "Mwalimu, unaitwa nani?"

Kushoto. Nilisikia kwa kushoto. Nilitaja jina langu, nikalia chini ya kile kitambaa.

"Usitikise kichwa," akasema. Alikuwa anacheka.

Wodini niliomba maji. Yakamwagika kidevuni. Kibet alinitazama, akageuza uso haraka. Nikachukua simu nikajiangalia. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelegea, mdomo umekwenda kando, jicho halifungi.  Nitasimamaje mbele ya watoto?

Daktari alikuja akiwa bado na kofia ya thieta. Akaniambia nikunje uso, nikashindwa. Alisema ganzi imesambaa hadi kwenye mshipa wa uso, itaisha yenyewe kwa saa chache. Akalibandika jicho plasta lisikauke. Sikumwamini. Niliikodolea saa ya ukutani jicho moja.

Saa kumi nyusi ikasogea. Saa kumi na moja jicho likafunga. Jua likiwa bado juu nikampigia Kibet mluzi. Sijawahi kumpigia mume wangu mluzi. Wodi nzima ikageuka. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 14 Machi
Nimerudi nyumbani, Kapseret. Sikio limejazwa utambi wa dawa. Upande ule ni kimya, kuliko hata zamani. Chakula kina ladha ya chuma. Wameniambia ni kawaida. Naogopa hivyo hivyo.

Mama mkwe aliingia na uji, akaona bandeji. Kibet alimweleza yote. Alikaa kitandani, kisha akahamia upande wangu wa kulia akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Mbona hukuniambia?"

Nikamwambia niliona aibu.

"Mimi nilidhani unanidharau."

"Hapana, Mama."

Tukanywa uji. Alirudi jioni, akaita vile vile.

Jumanne, 25 Machi
Utambi umetoka. Daktari aliuvuta polepole, na vitu vikaanza kuingia. Viatu kwenye korido. Maji ya sinki. Kadi yangu ikifunguliwa. Alisimama nyuma yangu, kushoto, mimi nimeziba kulia kwa kidole. Akanong'ona maneno matano. Nikarudia yote matano. Akapiga makofi kama mwanafunzi.

Nilikaa kwenye benchi nje. Sikulia. Mwili ulikuwa umelegea wote, kama nimeshusha mzigo wa kuni. La kulia litafanywa mwakani. Kwa ganzi, nikiwa macho. Mimi ndiye niliyeomba.

Jumapili, 30 Machi
Mvua tangu tutoke kanisani. Nimesahihisha madaftari, nimepiga nguo pasi. Kibet anasikiliza mpira kwenye redio. Nimemwambia apunguze, inanipigia kelele. Amenitazama kidogo, kisha akapunguza.