Meza ya Maktaba kwenye Tamasha la Katuni

Jumatatu, 4 Agosti

Mkuu wa maktaba kaniita ofisini kwake baada ya chai. Kuna tamasha la mashabiki wa katuni na filamu, siku tatu, ukumbi mkubwa wa maonyesho. Maktaba imepewa meza. Anataka niende mimi. Vijana hawaji tena kwetu, kasema, basi tuwafuate waliko. Tusipopata wanachama wapya wa kutosha, chumba cha vijana kule ghorofani kinageuzwa stoo ya mafaili mwezi wa kumi.

Nimesema sawa. Siku hizi kila kitu ni sawa. Jana jirani kaniuliza nimeamkaje, nikamjibu sawa kabla hajamaliza kuuliza.

Jumatano, 6 Agosti

Kupakia vitabu. Mwenzangu wa kaunta — tunamwita Mhuri, maana anagonga mihuri kama anaua mbu — kashusha vitabu vyote vya katuni. Vingi vimeachia kurasa. Nimevishona, nimevitia gundi. Ndiyo kazi yangu miaka kumi na tisa sasa, kuuguza vitabu.

Mhuri kaniuliza, si binti yangu ndiye aliyekuwa mgonjwa wa haya mambo? Ndiyo, nikasema. Akaendelea kugonga.

Niandike basi, humu hasomi mtu. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana binti yangu alikosa mtihani wa chuo kwa sababu ya tamasha kama hili. Nilichukua mavazi yake ya wahusika wa katuni — mabawa, makoti, wigi tatu, kazi ya miaka mitatu — nikayapa gari la taka. Nilisimama mlangoni mpaka gari likakata kona. Aliporudi hakulia. Alifungasha begi moja akaenda kwa dada yangu.

Nilingoja uchungu uje. Haukuja. Mpaka leo ni ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Jumapili, 10 Agosti

Dada kapiga simu. Mtoto hajambo. Kapata kazi ya kushona kwenye duka la mapazia, kapanga chumba na mwenzake.

"Ameniulizia?"

"Hajakuulizia, mdogo wangu. Nisikudanganye."

Nikamwambia kuhusu tamasha, kwamba nitakuwepo siku zote tatu. Akauliza amwambie au asimwambie. Nikasema fanya unavyoona. Kisha nikafua mapazia, ingawa yalikuwa safi.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya kwanza. Meza yetu imebanwa kati ya muuza panga za mbao na mama anayechora watu nyuso. Muziki mpaka meno yanatetemeka. Watu wenye mikia, watu wenye pembe, mmoja kajipaka kijani mpaka kwenye masikio.

Hakuna aliyesimama. Wanadhani tunauza. Mmoja kashika kitabu, kauliza bei. Bure, Mhuri kasema, unaazima tu. "Bure kivipi?" Akakirudisha taratibu kama kinauma, akaenda zake. Mpaka saa nane, kadi nne za uanachama.

Halafu binti mmoja kaja mbio, bawa limekatika mkononi. Hakututaka sisi — kauliza kama tuna gundi. Nilikuwa nayo, ile ya vitabu, na sindano kubwa na uzi wenye nta. Nikamwambia aketi. Nikashona. Dakika kumi. Mhuri akampa fomu ajaze wakati anangoja, naye akajaza.

Alipoondoka walikuja wengine wawili.

Jumamosi, 16 Agosti

Foleni. Kweli foleni. Mhuri kaandika kwenye boksi: TUNASHONA MAVAZI NA VITABU, BURE. Visigino, mikanda, vinyago vya sponji, mkia uliokanyagwa mlangoni. Mimi nashona, yeye anaandikisha, wanaongoja wanasoma. Kadi themanini na sita kufikia jioni.

Kuna baba mmoja wa makamo, karani wa posta, kaja na joho la mfalme limechanika begani. Kasema joho hilo alishonewa na mama yake, na mama mwenyewe humcheka kila anapolivaa. Kaangalia mikono yangu.

"Na wewe una mtoto wa mambo haya, nini?"

"Ninaye."

"Yuko humu?"

"Sijui."

Alitaka kuuliza zaidi. Nikamwomba ainue bega.

Nimeshona mabawa manne leo. Nilitazamia niwaze yale mengine niliyoyatupa. Mikono ilishona tu; mimi nilikuwa kama nimesimama kando, namshikia mtu mkoba.

Mkuu kapiga simu, kafurahi. Nimesema sawa.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika hapahapa mezani, daftari mapajani. Mhuri kaenda kutoa nakala za fomu, zimetuishia, imebaki moja. Najifanya naandika idadi ya kadi.

Kaja kama saa tisa. Koti refu la kijivu, kinyago cha ndege kimefunika uso mzima. Alijipanga kwenye foleni kama wengine. Mara mbili kampisha mtu wa nyuma yake. Zamu ilipofika akavua koti, akaliweka mezani.

"Mkono umeachia. Hapa."

Sauti ile. Nikasema, "Keti, mama." Ndivyo nilivyozoea kumwita tangu utotoni mwake. Ilinitoka tu.

Nikageuza koti. Mshono wa kurudia, na mwishoni fundo dogo la mara tatu. Fundo hilo nilimfundisha mimi, ana miaka saba, kwenye meza ya jikoni. Nikatunga uzi mara ya kwanza, ukakosa tundu. Mara ya pili ukakosa. Miaka kumi na tisa haijawahi kunitokea.

Kavuta ile fomu ya mwisho mwenyewe, anajaza. Kinyago hajavua. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Kazi: fundi cherehani.

Mkono wa koti umebaki upana wa kidole kimoja kumaliza. Nimeweka sindano chini. Sitaki uishe.

Kafika kwenye mstari wa ndugu wa karibu wa kupigiwa simu. Kasimama hapo. Muuza panga anaimba. Naona vidole vyake, kidole cha shahada kina alama za sindano kama changu.

Sasa hivi kauliza, bila kuinua kichwa:

"Namba yako bado ni ileile?"

Nimesema ndiyo, ileile.

Kalamu iko juu ya karatasi. Bado hajaandika