Vyuma Virefu kwa Mkono Mzito

Jumatatu, 4 Machi

Wewe mtoto, nani kakutuma kung'oa meno ya gitaa la babu yako?

Nimesoma barua yako mara mbili nikadhani miwani imeharibika. Eti vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa, mnavyoviita freti, vimelika, kwa hiyo unampelekea fundi aving'oe aweke vinene na virefu kwenda juu "kama vya vijana wa sasa". Vijana wa sasa wana mengi, utayaiga yote? Gitaa nilikupa ulitundike ukutani umkumbuke marehemu. Sikukupa ukatafutie kazi kwenye bendi.

Sasa nisikilize, mke mwenzangu. Chuma kirefu ni cha mtu mwenye mkono mwepesi, anayegusa uzi kama anagusa uso wa mtoto aliyelala. Wewe ukifunga kopo, anayefuata analifungua kwa nyundo. Ukibonyeza uzi juu ya chuma kirefu, uzi unazama, sauti inapanda, unakaa juu ya wenzako wimbo mzima. Mkono mzito unataka chuma kifupi, chembamba, kidole kifike kwenye mbao kipate pa kuegemea. Kama ni lazima kubadili, weka hivyo. Lakini si lazima.

Hujambo? Mimi mzima, ila goti. Usiguse gitaa.

Bibi yako

Ijumaa, 15 Machi

Shikamoo Bibi. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, wa mwili tu.

Barua yako imefika jana. Fundi aling'oa vyuma Jumatatu na kuweka vile virefu. Juzi nimekwenda kujaribiwa kwenye bendi, nikabonyeza kama ninavyobonyeza siku zote. Wimbo haujafika nusu, kiongozi akainua mkono: "Dada, gitaa lako lina homa, linapanda tu." Wenzake wakaangua kicheko. Nimelia njia nzima. Nimembembeleza, kanipa nafasi nyingine tarehe 20 Aprili. Kasema ni ya mwisho.

Kurudi nyumbani, siku ya pili nasoma barua yako. Bibi, nilikaa chini. Umeandika yaliyonipata kabla hayajanipata! Ulijuaje? Wewe uliyenichapa mwiko wa vidole nikiwa na miaka saba, kisa nimeligusa?

Halafu kuna jambo la fundi. Ni mzee, vyuma vya zamani amevihifadhi kwenye kopo. Akaniuliza nani alikuwa akilipiga. Nikasema babu, yule aliyekatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na msumeno wa kiwanda cha mbao, akabaki na viwili na gumba, na bado akawashinda wenye vyote. Akacheka. "Binti, hapa chuma kimelika na kucha zimechimba mbao mahali ambapo vidole viwili havifiki hata kwa maombi. Huyu alikuwa na vidole vyote, vidogo, na alibonyeza kama anaua kunguni." Akachukua mkono wangu akaulaza kwenye shingo ya gitaa. Vidole vyangu viliingia kwenye vile vishimo vya kucha, kimoja kimoja, kama nimevichimba mimi.

Bibi, huo ni mkono wa nani?

Mjukuu wako

Jumanne, 26 Machi

Shikamoo Bibi. U mzima? Siku kumi na moja kimya. Hata kunitukana hujanitukana, ndiyo maana naogopa.

Babu alikuwa na mwanamke mwingine? Niambie tu.

Mjukuu wako

Jumanne, 2 Aprili

Mwanamke mwingine! Angethubutu?

Marahaba. Goti lilelile. Ni mkono wangu. Nimeandika hilo neno, nikaliangalia, nikaondoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Babu yako alinifundisha gitaa tulipooana, kwa mchezo, tukicheka. Mwaka wa pili msumeno ukamkata, kicheko kikaisha. Bendi yake ingemwacha. Basi jukwaani akawa anaimba na kukwaruza nyimbo nyepesi, watu wakampigia makofi ya huruma. Lakini siku za kurekodi, ambako hakuna anayeona, niliingia mimi kwa mlango wa nyuma na birika la chai, nikijifanya mpishi. Zile santuri zinazopigwa redioni mpaka leo, mtangazaji akijikojolea kwa "vidole viwili vya ajabu", ni vidole vyangu vinne. Wanabendi waliapa kunyamaza, na wote wamekwenda na siri hiyo kaburini. Babu yako kabla hajafa aliniomba niseme. Nikakataa. Jeuri yangu tu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika miaka hamsini, ikaja kukatwa na mzee wa makopo!

Nilikuchapa mwiko kwa sababu ulilishika kama mimi. Hata kidole cha mwisho ulikikunja vilevile. Nikaona mgeni yeyote akiingia atajua. Hapo nilikosea. Nimeshasema, usinisemeshe tena.

Sasa futa makamasi. Rudi kwa fundi kesho asubuhi. Aondoe hayo magogo, aweke vyuma vifupi, vyembamba, na ncha zake azipige tupa zisikukate kiganja. Mbao asiipige msasa! Vishimo vya kucha vibaki hapohapo. Kopo la vyuma vyangu uniletee mwenyewe, usitume mtu. Tarehe 20 nenda, simama wima. Kiongozi wao akiuliza gitaa ni la nani, usimtaje babu yako. Nitaje mimi, kwa sauti, halafu piga.

Bibi yako, mwenye gitaa