Vidonge vya Kulwa

Mume wangu Kulwa,

Hujaja kuniamkia tangu mvua za kwanza, na marahaba yangu imekosa wa kumwitikia. Nakuandikia nikiwa barazani kwetu hapa Ipuli, kwa kalamu nyekundu, maana mwalimu mstaafu hana nyingine. Usicheke.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiingia jikoni, kidole tayari kimeelekea kwenye chupa ya asali, unasema, "Mke wangu, mahari nitalipa nikipona." Hata siku ambazo selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, ilikushika miguu ukalia mpaka sauti ikakauka, nikikukanda kwa maji ya moto ulitafuta utani. Ukishalala, mimi nilikwenda kulia nyuma ya nyumba.

Ulitangulia kuzaliwa, Doto akakufuata, na kwetu Wanyamwezi mapacha hawabaguliwi. Wewe ukinunuliwa shati, naye anunuliwe gauni. Akinyolewa, nawe unyolewe. Atakayenyimwa ataugua, ndivyo mama yangu alivyonifunza, nami sikuwahi kuuliza. Kwa hiyo daktari alipokuandikia vidonge viwili kwa siku, nilikupa kimoja, na kingine nikampa Doto, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Mama yenu alikuwa kazini Isikizya, anarudi mwisho wa wiki, hakujua. Kila kliniki daktari aliuliza, "Dawa anamaliza, Bibi?" Nami nilijibu, "Inakwisha yote, daktari." Sikusema uongo. Kopo lilikuwa tupu.

Ndipo tukasikia habari za hospitali ya Dodoma. Kwamba ndani ya mifupa mna uloto, na humo mna mbegu zinazozaa damu. Madaktari wanazichukua kwa ndugu mzima wa tumbo moja, wanampandikiza mgonjwa, damu yake ianze upya. Walituambia wazi kuwa utafiti bado unaendelea, na kila mtoto waliyempandikiza wanamfuatilia kwa miaka. Mama yenu alikubali kabla hawajamaliza kueleza.

Tulikwenda kwa treni sote wanne. Nilikueleza kwamba babu wa babu yangu alitoka Tabora kwa miguu na misafara hadi pwani, pembe ya ndovu begani. Ukauliza, "Miguu haikumuuma, mke wangu?"

Vipimo vikasema Doto anafaa. Mlirukaruka pale kwenye benchi mpaka muuguzi akawakemea huku anacheka. Kisha daktari akarudi na karatasi nyingine, akamtazama dada yako. "Huyu ndiye mzima, mbona damu yake imeshuka? Anameza dawa gani?"

Doto akaniwahi kujibu, tena kwa fahari. "Za Kulwa. Bibi anatugawia sawasawa."

Daktari hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema vidonge vile ndivyo vilivyoishusha, wewe umeze dozi yako kamili, na tusubiri damu ya Doto irudi mahali pake, ndipo tutaitwa. Kutoka Dodoma hadi Tabora mama yenu alilikumbatia kopo la vidonge vyako.

Ulimeza dozi kamili, wiki baada ya wiki, ukaanza hata kukimbizana na kuku. Kisha mvua zikaja na baridi yake, kifua kikakubana, na siku ya tatu hospitalini ukatuacha. Simu ya Dodoma ililia baada ya matanga. "Damu ya Doto iko sawa sasa, Bibi. Mleteni Kulwa." Yule muuguzi alikuwa na sauti ya furaha. Nilimpa mama yenu simu.

Majirani wanasema kazi ya Mungu haina makosa. Sibishani nao. Lakini nimefundisha hesabu maisha yangu yote, Kulwa, na nusu ni nusu. Nilikupenda, na kwa mkono huohuo nilikunyima. Naona aibu, na hii sina wa kugawana naye.

Juzi nilimwomba Doto msamaha. Alikuwa anaosha vyombo, akaendelea kuosha. Baadaye akasema, "Mimi nimekusamehe, Bibi. Lakini hiyo ni nusu yangu. Nusu ya Kulwa kamuombe mwenyewe."

Ndiyo maana nimekuandikia. Naomba nusu yako.

Lala, mume wangu, miguu isikuume.

Mkeo,
Bibi wa Ipuli